Lala Nithi Kwanza, Kilele Kitasubiri

Jamani, nendeni Nithi! Nimeshuka Mlima Kenya juzi, buti bado zina tope, na sitaki kungoja tope likauke ndipo niandike. Nikingoja nitaanza kupima maneno, na mahali hapa hapataki maneno ya kupimwa.

Upande wa mashariki wa mlima, kwenye njia ya Chogoria, kuna uwanja wa kambi pale barabara ya gari inapokomea. Wapanda mlima hupaita Roadhead. Ni takribani mita 3,300 juu ya usawa wa bahari: nyasi fupi, mihagenia iliyopinda na kuning'iniza kuvumwani za kijivu, vichaka vya erika vinavyomzidi mtu kimo, na katikati ya vyote hivyo mto Nithi, mwembamba bado, mweupe kwa povu, unateremka kwa kasi ya mtu anayekimbilia matatu ya mwisho. Nilikuwa nimesimuliwa. Nilikuwa nimeonyeshwa picha. Lakini picha hazina ile sauti! Unafungua mlango wa gari tu na sauti inakuingia kifuani kabla hujauona mto wenyewe.

Kinachoniumiza ni jinsi watu wanavyopapita. Vikundi hufika alasiri, husimamisha hema, hula, hulala, na kabla hakujapambazuka vizuri vimeshavuka mto kuelekea Ziwa Ellis au bonde la Gorges, akili yote ikiwa Pointi Lenana, mita 4,985. Batian chenye mita 5,199 na Nelion chenye 5,188 ni vilele vya wakwea miamba, watu wa kamba na ndoano. Lenana ndicho cha watembeaji, na sifa zote za mlima tumezirundika pale. Nawaheshimu wanaokwenda, tena sana. Ila mimi nashikilia kwamba Roadhead ni safari iliyokamilika yenyewe. Mtu anaweza kutoka Nairobi, Meru au Mombasa, akalala pale, asipande hata hatua moja zaidi, na akarudi nyumbani amepewa mlima wote.

Na hilo jina! Wakenya wengi jina Nithi tumelijua kwa huzuni. Daraja la Nithi kwenye barabara ya Embu kwenda Meru limeua watu wengi. Julai 2022 basi lilitumbukia pale na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Ukitoka Nairobi kwenda Chogoria unalivuka daraja hilo, na ndani ya gari letu mazungumzo yalikatika yenyewe mpaka tulipofika ng'ambo. Kwa hiyo nilipouona mto uleule saa chache baadaye, huku juu kabisa, maji ya magotini, maangavu kiasi cha kuhesabu kokoto, moyo uliniruka. Kumbe ndio huu! Kaunti nzima ya Tharaka-Nithi imebeba jina lake, na hapa unauvuka kwa kuruka kutoka jiwe hadi jiwe.

Niseme kidogo kuhusu njia ya kufika, maana nayo ni karamu. Unapita Embu, Runyenjes, Chuka, kisha unaiacha barabara kuu na kuingia Chogoria, mji uliokua kuzunguka hospitali ya misheni ya Waskoti iliyoanzishwa mwaka 1922. Hapo tuliliacha gari letu dogo na kukodi Land Cruiser yenye dereva wa kwao huko, na nakuambia usijaribu vinginevyo, hasa mvua ikiwa imenyesha. Kutoka mjini hadi lango la hifadhi ni kama kilomita 30. Kahawa inakuaga, chai inakupokea, halafu chai nayo inakoma ghafla na msitu unakumeza. Mipodo minene. Mbega wanaruka na mikia yao myeupe. Kisha mianzi! Mianzi kushoto, mianzi kulia, imeinamiana juu ya barabara hadi mchana unageuka wa kijani. Dereva alisimama mara moja kutuonyesha kinyesi cha ndovu katikati ya njia, kibichi, bado kinafuka mvuke kwenye ule ubaridi, na akazima injini ili tusikilize. Tulisikia mianzi ikivunjika mahali fulani ndani. Hatukumwona ndovu. Wala haikuhitajika.

Lango la Chogoria liko kwenye mita 2,950 hivi, na jirani yake kuna mabanda ya kulala kwa asiyetaka hema. Ushauri wangu ni huu: ukiwa umetoka Nairobi, ambako ni kama mita 1,700, lala kwanza langoni kisha ndipo usogee Roadhead. Mwili unahitaji muda. Kwenye mita 3,300 hewa imepungua kwa karibu theluthi moja ukilinganisha na pwani, na kichwa huanza kugonga kwa mtu aliyeharakisha. Kunywa maji mengi, tembea polepole, na kichwa kikizidi kuuma teremka. Hilo halina mjadala.

Sasa, kambi yenyewe! Tuliongozwa na mzee mmoja wa Chogoria ambaye ameupanda mlima huu tangu ujana wake, mtu wa maneno machache na macho yanayoona kila kitu. Niliposhuka garini nilikimbilia ukingoni, mahali pasafi kabisa, nyasi laini, maji yananguruma hatua mbili tu kutoka hapo.

"Mzee, hapa si ndipo?"

"Hapana, mwanangu. Hapo ni pa kukaa mchana. Usiku tunampisha mto."

Akatupandisha hadi kwenye kijukwaa cha nyasi juu kidogo, na huku tukipigilia vigingi akatupa somo ambalo ningelipa kulisikia. Kwanza, mvua inaweza kunyesha bondeni huko juu usiione wala kuisikia, na mto ukapanda gizani wakati wewe umelala chini ya nyota. Pili, hewa baridi ni nzito kuliko hewa yenye joto. Jua likizama inateremka kutoka miinuko na kujikusanya kwenye kina cha bonde, kwa hiyo mwenye kulala kando kabisa ya maji hupata baridi kuliko jirani yake aliye mita chache juu. Tatu, na hili ndilo lililonisisimua, nyati hushuka kunywa usiku, na mlio wa mto hufunika mlio wao. Wewe huwasikii, wao hawakusikii, mnakutana. Ukikaa mbali kidogo na maji, masikio yako yanarudi kazini.

Nilienda na kurudi kati ya sehemu hizo mbili jioni nzima, na ni kweli kabisa! Unapiga hatua chache kupanda na mto unabadilika sauti. Chini ni ngurumo moja isiyokatika. Juu kidogo unaanza kuchambua: hapa maji yanaangukia kwenye shimo, pale yanakwaruza kokoto, kule yanazunguka jiwe kubwa na kurudi nyuma. Ningeweza kukaa hivyo mpaka asubuhi.

Chakula. Hakuna moto wa kuni huku, na mtu asikudanganye kwamba kambi bila moto si kambi. Vichaka hivi vya erika vikikauka vinashika kwa cheche moja. Machi 2012 moto uliteketeza sehemu kubwa ya nyika ya mlima huu, na athari zake zilidumu miaka. Tulipikia jiko la gesi, mtungi tuliubeba kutoka Nairobi. Na hapa kuna jambo ambalo kila mpishi anapaswa kulijua kabla ya kupanda: kwenye kimo hiki maji huchemka kwenye nyuzi 89 hivi, si 100. Yatatoa mapovu, yatafuka, sufuria itatikisika, lakini maharagwe hayatalainika leo wala kesho. Githeri yetu ilichemshwa nyumbani hadi ikaiva kabisa, ikagandishwa, ikasafiri ndani ya kikapu, na pale tuliikaanga tu na kitunguu, nyanya na dania. Chapati zilipashwa moto juu ya kifuniko. Chai ilikaa jikoni muda mrefu kuliko kawaida, majani yakizunguka kwenye maziwa, tangawizi nyingi, sukari nyingi. Nimekunywa chai maisha yangu yote. Ile ya Nithi, nikiishika kwa viganja viwili huku pua imekufa ganzi, naiweka juu ya zote.

Giza huingia upesi. Karibu na ikweta hakuna jioni ndefu. Saa kumi na mbili na nusu jua liko kwenye miinuko, na baada ya muda mfupi tu hulioni hema la jirani. Kilimia kilikuwa juu yetu, Orioni amesimama katikati ya anga, na hapakuwa na mwezi. Ilikuwa Februari, msimu wa ukavu, na anga ilikuwa imefunguka yote.

Kisha wakaanza perere. Wee! Kama hujawahi kumsikia perere usiku, jiandae, maana hakuna anayeweza kukuandaa. Ni mnyama mdogo, wa kilo chache tu, jamaa ya pimbi wale wa kwenye miamba, ila huyu anakaa mitini. Analia kwanza kwa mkwaruzo wa taratibu, mlango wa zamani unaofunguliwa na mtu asiyetaka kusikika. Halafu mkwaruzo unapanda, unakaza mwendo, unakuwa ukelele wa kupasua, na mwisho unakatika ghafla. Kimya. Na kutoka kwenye mhagenia wa ng'ambo ya mto, mwingine anamjibu! Wenzangu walikaa wima ndani ya mifuko yao ya kulalia. Mzee, kutoka hema lake, alitamka neno moja tu, "Perere," na tukasikia akigeuka upande wa pili kulala. Mimi nilikuwa nimefurahi kiasi cha kushindwa kufumba macho.

Niliamka tena saa nane za usiku na nikatoka nje. Baridi iliniuma hadi kwenye meno. Mlima huu uko kilomita chache tu kusini mwa ikweta, na hiyo ina maana kwamba mtu aliyesimama hapa anaziona nyota za pande zote mbili za dunia: kusini Msalaba wa Kusini, kaskazini Dubu Mkubwa, zote kwa pamoja, unageuza shingo tu. Mtu wa Ulaya hauoni Msalaba ule kutoka nyumbani kwake. Sisi tunavyo vyote viwili, na wengi wetu hatujawahi kutoka nje ya taa za mji kuvitazama.

Kuhusu mfuko wa kulalia, usibahatishe. Uwe wa kuhimili chini ya sifuri, na chini yake uweke godoro la povu, kwa sababu baridi kali zaidi hutoka ardhini. Kofia ya sufu kichwani, soksi kavu ulizozitenga kwa usingizi tu. Tulipoamka, nyasi zote zilikuwa nyeupe, umande umeganda, na turubai la hema lilikuwa gumu kwa kuguswa.

Hapo ndipo upande wa Chogoria unapoonyesha ubora wake. Bonde limefunguka mashariki, kwa hiyo jua halichelewi. Linaibuka, linagonga ng'ambo ya bonde, linateremka polepole hadi kwenye nyasi, na weupe wote unayeyuka mbele ya macho yako huku mvuke ukipanda kutoka majini. Chozi walikuwa kazini tayari, wale wa kijani kinachomeremeta wenye mkia mrefu, wakichovya midomo kwenye maua ya kniphofia ya rangi ya chungwa. Kunguru wenye shingo nyeupe walikuja kukagua mabaki ya chapati. Karibu na vyungu tuliona nyayo za pongo, ambaye alipita kati ya mahema usiku na hakuna aliyemsikia isipokuwa, bila shaka, mzee.

Baada ya uji tulishuka kufuata mkondo hadi maporomoko ya Nithi. Ni matembezi mafupi, yenye utelezi, na tafadhali yafanyeni! Mto uliousikiliza usiku mzima unaufuata, unauona unajikusanya, unabanwa na miamba, kisha unatoweka. Unazunguka kwa kushika matawi, na hapo unakutana nao tena ukianguka mbele yako ndani ya kidimbwi cheusi, manyunyu yanapepea hadi usoni, kuvumwani na kangaga kila mahali. Niliingia. Ndiyo, niliingia hadi mabegani, nikapiga kelele, nikatoka, nikaingia tena. Ngozi iliwaka kwa saa nzima baadaye.

Katika miamba ile nilimfikiria Vivienne de Watteville. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mwanamke huyu alikaa wiki kadhaa kwenye kibanda cha Urumandi, si mbali na hapa, na kitabu chake Speak to the Earth, kilichotoka mwaka 1935, kinasimulia maisha hayo pamoja na maua na ndege wa upande huu wa mlima. Kuna maporomoko mengine juu zaidi, kwenye bonde la Gorges, ambayo hadi leo yanaitwa kwa jina lake la kwanza. Alifika akakaa. Hilo ndilo ninalolitetea! Wapandaji waliokimbilia juu ni wengi mno na majina yao mengi yamesahaulika. Yeye aliyekaa chini akitazama maua, jina lake limo ndani ya maji.

Na maji haya, lo! Yanatoka Ziwa Michaelson, chini ya genge la The Temple lenye kimo cha mita 300 hivi, kwenye bonde lililochongwa na barafu za kale. Watu hudhani mito ya mlima huu ni barafu iliyoyeyuka. Barafu imebaki kidogo sana. Kinachoulisha mto ni mvua na ukungu unaonaswa na nyika na msitu, ukanywewa na udongo mweusi ulio laini chini ya buti, kisha ukaachiliwa taratibu hadi wakati wa kiangazi. Ndiyo maana Februari, siku zikiwa kavu, Nithi bado anaimba. Kutoka hapa anashuka, anapita chini ya lile daraja, anaingia Tana, na Tana anayabeba hadi Garissa, Hola, mashamba ya Wapokomo, Garsen, mpaka Kipini baharini. Mimi nimekulia pwani. Nimeoga Kipini utotoni, kwenye maji yale ya hudhurungi, na sasa nimeoga mahali yanapoanzia yakiwa na rangi ya kioo! Niliwaambia wenzangu hilo mara nyingi hadi wakaniomba ninyamaze.

Jambo moja lilinichoma. Nyuma ya vichaka tulikuta karatasi za choo, maganda ya peremende, kopo la samaki. Plastiki ya kutumia mara moja imepigwa marufuku katika hifadhi zote za Kenya tangu Juni 5, 2020, na askari langoni wanakagua, lakini uchafu huu haukuingizwa na upepo. Tuliujaza kwenye gunia na kuuteremsha. Ndugu zangu, ulichopanda nacho teremka nacho. Chimba shimo mbali na mto, fukia, na sabuni isiguse mkondo, kwani kuna watu wanaoyanywa maji haya chini huko, nao ni wengi.

Mambo ya mwisho, haraka. Ada hulipwa kupitia eCitizen kabla ya kufika. Langoni hawapokei pesa taslimu. Sheria ya hifadhi hairuhusu mtu kupanda peke yake, na hata kama ingeruhusu ningekuambia umchukue kiongozi wa Chogoria, kwa sababu ile elimu ya hewa, mto na nyati haiko kwenye ramani yoyote. Chemsha maji ya kunywa au yachuje, hata kama yanaonekana safi. Januari na Februari, halafu Julai hadi Septemba, ndiyo miezi mizuri. Aprili barabara ya msituni inaweza kukuzuia kabisa. Na mtoni kuna trauti, samaki walioletwa kutoka nje enzi za ukoloni, ambao unaweza kuwavua ukiwa na kibali.

Kibali ndicho ninachokitafuta sasa. Mzee amesema atanionyesha mahali wanapojificha, mkondo unapotulia nyuma ya mawe makubwa, njiani kuelekea Ziwa Ellis, na binamu yangu wa Malindi ameniazima fimbo yake ya kuvulia. Likizo ya Julai nimeshaiomba. Ndani ya Land Cruiser bado kuna nafasi moja.